Kupikia watu 80 wanaolala nje: kiasi, joto na namna ya kugawa

MpishiWaZamu

Habari wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kuwapikia watu wasio na makazi. Kupika ndiyo kazi yangu ya kila siku, lakini jiko la hoteli ni kitu kimoja na chakula cha kupelekwa barabarani ni kingine, na sitaki kujifunza kwa kuwaumiza watu.

Hali ni hii. Kikundi cha kujitolea kinataka mlo mmoja wa moto kila wiki, kwa watu kama 80, ugawaji uanze saa 12 jioni. Tunapika sehemu moja na kugawa sehemu nyingine, njiani ni dakika 40. Kuna majiko mawili makubwa ya gesi, sufuria moja ya lita 50, nyingine ya lita 30, na friji moja ya kawaida. Tuko sita, mpishi ni mmoja. Nimefikiria kuanza na wali na maharage.

Nataka kujua kiasi cha kila mtu, namna ya kukifikisha kikiwa moto, cha kufanya na kitakachobaki, na mambo gani kuhusu walaji wenyewe ambayo mpishi wa hoteli hawezi kuyajua. Niambieni kwa vipimo, tafadhali.

mwiko_mrefu

Karibu sana mkuu. Wali na maharage ni mwanzo mzuri: hakuna nyama ya kukutia wasiwasi, karibu kila mtu anakula bila kujali dini yake, na vinashibisha kweli.

Kwa watu 80 pikia 90. Watakuja ambao hawakuhesabiwa, na wenzako watano nao watahitaji kula kazi ikiisha. Kwa kila mtu weka mchele mkavu gramu 90, maharage makavu gramu 70, mafuta mililita 11. Jumla ni mchele kilo 8, maharage kilo 6.3 na mafuta lita 1. Ongeza vitunguu kilo 3, nyanya kilo 5 na karoti kilo 3. Sahani itafika kama kalori 700, na protini gramu 20 hivi. Usipunguze mafuta ukidhani unalinda afya zao. Kwa mtu anayekula mara moja kwa siku kisha akalala kwenye baridi, ile lita moja ya mafuta ni karibu kalori 100 katika kila sahani.

Sasa sufuria. Kilo 8 za mchele hazitatosha kwenye lita 30. Ukiiva unakaribia kilo 20 na utainua mfuniko. Na hata kama zingetosha, nisingekushauri. Wali mwingi kwenye sufuria ya kina kirefu unajikandamiza wenyewe: chini ukoko, katikati bokoboko, juu mbichi. Azima sufuria nyingine ya lita 30, iliyo pana, upike kilo 4 na kilo 4. Maji usiyapigie hesabu ya nyumbani mara ishirini. Yanayopotea kwa mvuke hayaongezeki sawasawa na mchele, kwa hiyo sufuria kubwa inahitaji maji machache kwa kila kilo. Anza na lita 1.5 kwa kilo, andika matokeo, rekebisha wiki inayofuata kulingana na aina ya mchele.

Maharage ndiyo yenye hatari, hasa yale mekundu. Yana sumu ya asili ambayo haifi kwa moto mdogo. Yakipikwa polepole bila kufikia kuchemka yanaweza kuwa mabaya kuliko yalivyokuwa mabichi. Mtu anaanza kutapika ndani ya saa chache, na asiye na choo cha kukimbilia anateseka mara mbili. Yaloweke saa 5 au zaidi kwenye maji mara tatu ya ujazo wake, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha yachemke kwa nguvu, yakitoa mapovu makubwa, kwa dakika 30. Ndipo upunguze moto. Kama hali ya hewa ni ya joto, kilo 6 zilizolowekwa usiku kucha zinaweza kuanza kuchacha: utaona povu na kusikia harufu kali. Badilisha maji kabla ya kulala au yaweke mahali pa baridi.

Nyanya zisiingie kabla maharage hayajalainika. Ukali wake unakaza ganda, utapika saa tatu na bado yatakuwa magumu. Wengi wakiona hivyo wanatupia magadi au baking soda. Usifanye. Kweli yanalainika haraka, lakini unaharibu vitamini B1, na hiyo ndiyo inayopungua sana kwa watu wanaokunywa pombe nyingi na kula kidogo. Utakuwa unawanyima kitu wanachokihitaji kuliko wengine wote.

Ratiba: maharage yawe jikoni saa 6 mchana. Sufuria kubwa namna hiyo inachukua karibu saa nzima kabla haijachemka, watu wengi hukwama hapo. Saa 8 anza vitunguu na nyanya kwenye jiko la pili, vitunguu kwa mafungu matatu, la sivyo vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Saa 9 changanya. Jiko la pili likiwa wazi, teleka wali wa kwanza. Saa 9 na nusu mchuzi ukiipuliwa, teleka wa pili. Saa 10 na nusu kila kitu kimepakiwa, saa 11 mnaondoka.

Chumvi: anza na gramu 200, onja mwishoni. Mchuzi ukishika chini, zima moto, usikwangue. Chota wa juu uhamishie kwenye sufuria nyingine na uonje. Harufu ya kuungua ikiwa imeshapanda, maji wala viungo haviiondoi.

Kipimajoto

Mwenzangu amemaliza ya jikoni, mimi niongelee njia. Hapo ndipo watu wanapougua, na mara nyingi mpishi hajui kwa sababu hakuna anayerudi kumwambia.

Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 bakteria wanazaliana. Juu ya 60 hawazaliani. Kazi yako yote kuanzia kuipua mpaka sahani ya mwisho ni kukaa juu ya 60. Wawili wanaokuhusu zaidi ni Clostridium perfringens, anayependa sufuria kubwa za mchuzi na nyama zinazopoa polepole, na Bacillus cereus wa kwenye wali. Wote wana mbegu ngumu zinazovumilia kuchemshwa. Chakula kikipoa zinaamka. Huyu wa wali anaweza pia kutoa sumu ambayo hata ukipasha tena haiondoki, kwa hiyo "tutaupasha tu tukifika" si dawa.

Tafuta hotipoti kubwa au masanduku ya kutunza joto yenye mfuniko wa kubana. Dakika 15 kabla ya kupakia, yajaze maji yanayochemka na ufunge. Sanduku la baridi litanyonya joto la chakula chako kabla hujawasha gari. Mwaga maji, weka chakula kikiwa nyuzi 85 au zaidi, funga, usifungue tena. Masanduku mawili yaliyojaa yanatunza joto kuliko matatu nusunusu. Kwenye kugawa, fungua moja, limalize, ndipo ufungue jingine.

Kabla ya siku yenyewe fanya jaribio: jaza sanduku maji ya nyuzi 85 saa 10 jioni, lipime saa 1 na nusu usiku. Likiwa chini ya 65, sanduku hilo halifai kwa safari yako, au unahitaji jiko dogo kule mnakogawia.

Nunua kipimajoto cha kuchoma, na ukihakiki: kwenye glasi iliyojaa vipande vya barafu na maji kidogo kinapaswa kusoma 0. Choma katikati ya chakula, chuma kisiguse chini ya chombo. Mtu mmoja awe na daftari na aandike saa na joto mara nne: kuipua, kupakia, kufika, sahani ya mwisho. Chakula kikionekana kimeshuka chini ya 60 na hakijazidi saa 2 tangu kishuke, kipashe mpaka nyuzi 74 au kigawiwe mara moja. Kikizidi saa 4, mwaga. Kama hujui kilishuka lini, hesabu kuwa kimezidi.

MpishiWaZamu

Asanteni sana, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nina mawili. Je, nikipika jana yake usiku ili siku yenyewe iwe ya kupasha tu? Na hotelini mara nyingi kuna chakula kinachobaki kwenye bufee. Uongozi uko tayari kukitoa.

Kipimajoto

Kupika jana yake kwa friji moja ya kawaida, hapana. Chakula cha moto kinatakiwa kishuke kutoka 60 mpaka 21 ndani ya saa 2, kisha mpaka 5 ndani ya saa 4 nyingine. Sufuria ya lita 30 ukiiingiza kwenye friji usiku, asubuhi katikati yake bado ni vuguvugu, na imeshapasha kila kitu kilichokuwa humo. Jikoni kwenu hotelini huenda kuna mashine ya kupoza haraka, hapa haipo. Ukilazimika, mimina kwenye trei pana kina kisichozidi sentimita 5, ziweke juu ya barafu na ukoroge kila baada ya dakika 10. Kwa kilo 30 za mchuzi hiyo ni kazi kubwa kuliko kupika upya. Cha kufanya jana yake ni kuloweka maharage, kumenya, kukatakata na kupima viungo.

Bufee: kilichowekwa mbele ya wageni kisitoke kwenda popote. Kimekaa saa nyingi, kimepumuliwa, kijiko cha samaki kimeingia kwenye kuku. Kilichobaki jikoni, ambacho hakikuwahi kutoka, kimepozwa kwa utaratibu na kubandikwa lebo ya jina, tarehe na vilivyomo, hicho unaweza kukipokea kikiwa chini ya nyuzi 5. Ila bora zaidi waombe mali ghafi: mkate wa jana, karoti zilizopinda, nyanya zilizoiva mno, mchele wa gunia lililofunguliwa. Na uulize ofisi ya afya ya eneo lenu kabla. Marekani, kwa mfano, ina sheria tangu 1996 inayomlinda anayetoa chakula kwa nia njema, lakini kila nchi na yake.

SahaniKamili

Niongezee hapo kwenye masalio. Mwaka 2015 Massimo Bottura, mpishi maarufu wa Italia, alifungua ukumbi wa chakula uitwao Refettorio Ambrosiano kule Milano, wapishi wakipika chakula kilichosalia kutoka maonyesho ya Expo, na wageni wakakaa mezani wakahudumiwa. Jambo la kuiga pale ni kwamba mpishi alianza na mali ghafi akaunda mlo, hakupeleka mabaki kama yalivyo.

Jingine ni tahadhari. Mwaka 1847, wakati wa njaa ya Ireland, mpishi maarufu Alexis Soyer alijenga jiko la supu Dublin lililolisha maelfu. Mpangilio wake wa kazi ulikuwa wa hali ya juu, lakini supu yenyewe ililaumiwa na madaktari kuwa nyepesi mno kumlisha mtu. Kosa hilo bado linafanyika. Idadi ya watu inapanda, bajeti haipandi, mtu anaongeza maji. Siku mkifika watu 120 na mali ni ya 90, ongezeni dengu kavu kilo 2 kwenye mchuzi, zile ndogo bapa (lentils). Haihitaji kulowekwa, inaiva ndani ya nusu saa na inashibisha. Maji peke yake yanajaza tumbo kwa saa moja.

MezaNdefu

Swali lako kuhusu walaji wenyewe halijajibiwa, na kwangu ndilo kubwa.

Anza na meno. Wengi wa watu waliokaa nje muda mrefu wana meno mabovu, yanayouma au yaliyong'oka. Ile karoti yenye ugumu kidogo unayoisifia hotelini, hapa ni chakula kisicholika. Pika mpaka uweze kuiponda kwa ubavu wa kijiko. Mkate uwe laini. Tunda liwe la kumenywa kwa mkono na kutafunwa kwa fizi.

Chakula cha kuondoka nacho kipangwe upya kabisa kichwani mwako. Mtu huyu hana friji, hana jiko, hana kifungulio cha kopo, na mfuko wake unaweza kulala kwenye jua au mvua. Mpe mkate, biskuti kavu, tunda lenye ganda, pakiti iliyofungwa kiwandani. Wali na mchuzi usimfungie. Atakula asubuhi, na asubuhi hiyo ndiyo Bacillus cereus aliyetajwa hapo juu. Akikuomba, mwambie ukweli waziwazi kwamba hakifiki kesho, umwongezee sahani ya pili pale pale. Siagi ya karanga inakaa vizuri na ina nguvu nyingi, lakini iwe kwenye pakiti yake peke yake, imeandikwa kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wenye mzio. Na anayepakua ajue kujibu kilichomo kwenye sufuria, si kusema "nadhani".

Wenye kisukari: usiwacheleweshe. Mtu aliyepiga insulini akitegemea chakula saa 12, mkifika saa 1 anaweza kuanguka. Hii ndiyo sababu saa ya kugawa haichezewi. Kama gari limekwama, mtu mmoja atangulie na mkate na kitu chenye sukari.

Akija mtu aliyedhoofu sana, akakwambia hajala chochote kwa siku 5 au zaidi, usimjazie sahani kwa huruma. Mwili uliokaa bila chakula ukipokea wanga mwingi ghafla, madini ya damu kama fosfati na potasiamu yanaweza kushuka vibaya mpaka moyo ukaathirika, na dalili zinaweza kuja siku chache baadaye akiwa peke yake. Mpe kidogo, kama robo ya sahani, kaa naye, na umtafutie huduma ya afya siku hiyo hiyo. Mkiwa na namba ya zahanati iliyo karibu kwenye kadi, hilo ni sehemu ya mlo.

Kunawa mikono: ndoo yenye bomba, sabuni, ndoo ya maji machafu, karatasi za kujifutia. Iwe mwanzo wa foleni, kwao na kwenu. Dawa ya kufutia meza tengeneza kwa mililita 2 za klorini ya kufulia ya asilimia 5 kwa lita moja ya maji, mpya kila siku, na uoshe kwa sabuni kwanza kwa sababu uchafu unaiua nguvu. Aliyetapika au kuharisha katika kikundi akae nyumbani saa 48 baada ya kupona. Mwenye kidonda mkononi asipakue, hata akivaa glovu. Mpe daftari la joto.

Kupakua nako kuna ufundi wake. Maharage yanazama. Usipokoroga kutoka chini kila baada ya sahani tano, wa kwanza wanapata maji na wa mwisho wanapata tope. Uliza kila mtu jambo moja dogo la kuchagua: "Mchuzi juu au pembeni?" Mtu anayepangiwa kila kitu kutwa nzima anahitaji kuulizwa, na ukimuuliza utasikia pia "sina meno" au "mimi nina kisukari", mambo ambayo hakuna fomu itakayokuletea. Muite kwa heshima unayomwitia mgeni wa rika lake: mzee, mama, kaka, dada. Usihubiri kabla ya kumpa sahani. Picha za nyuso zao msipige kabisa. Kuna anayejificha kutoka kwa mtu aliyemuumiza.

Aliyelala asiguswe. Simama upande wa miguu, hatua mbili mbali, sema kwa sauti ya kawaida. Asipojibu tazama kama anapumua. Kama hapumui vizuri au haamki hata kwa sauti kubwa, piga simu ya dharura, mlaze ubavu kama anapumua, msimwache.

Raundi ya pili ianze baada ya kila aliye kwenye foleni kupata ya kwanza, na mtangaze hivyo mapema. Ugomvi mwingi wa foleni unatokana na hofu kwamba chakula kitaisha, ukiondoa hofu hiyo utaona foleni inatulia.

MpishiWaZamu

Nimesoma mara mbili, nimeandika yote. La mwisho: upawa. Nina wa hotelini, nahofia kupunja au kuishiwa katikati.

mwiko_mrefu

Upime kwa maji nyumbani. Mchuzi wako utakuwa kama kilo 30, kwa watu 90 ni gramu 330 kila mmoja. Upawa wa mililita 250 utakulazimisha kukisia. Tafuta wa mililita 160 hivi, umchotee kila mtu mara mbili. Wali tumia bakuli dogo la kipimo, gramu 215, usiobanwa, uliolainishwa juu kwa mwiko. Wote wanaopakua wapakue sahani tatu za majaribio mbele yako kabla ya kuondoka, uzipime kwenye mizani. Na sahani ya 45 ikitoka, chungulia masanduku: yanatakiwa yawe nusu. Yakiwa chini ya nusu, mweleze anayepakua hapo hapo, kwa sauti ya chini, bila foleni kusikia.